SAFARI YA ASUBUHI KWENDA KAZINI NAIROBI

Somo juu ya msongamano wa Waiyaki Way na Ngong Road

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, watu wa Kikuyu, Kinoo, Uthiru na Kangemi husimama kando ya Waiyaki Way wakingojea gari la kuwapeleka mjini. Wenzao wa Kawangware hupanda matatu nambari 46, na wale wa Ngong hupanda nambari 111 na kushika Ngong Road. Wote huelekea upande mmoja, na wengi wao hutakiwa kuwa kazini saa mbili kamili. Somo hili ni kwa ajili yao. Ni kwa ajili pia ya msomaji akaaye shamba, ambaye huja Nairobi mara moja kwa mwaka kutafuta pasipoti Nyayo House au kumwona daktari, akastaajabu kuona kwamba basi lililomleta upesi kutoka Nakuru limetumia karibu saa nzima kutoka Kangemi hata katikati ya mji, mwendo usiozidi kilomita kumi.

Ukiwauliza watu sababu, mmoja atasema barabara ni nyembamba, na mwingine atasema kosa ni la matatu. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Barabara zimepanuliwa mara nyingi na bado hujaa. Matatu nazo zilifukuzwa mjini siku moja, kama tutakavyoona, na siku hiyo watu walitaabika kuliko siku nyingine zote. Yafaa basi tulitazame jambo hili tangu chanzo chake.

MJI ULIVYOPATA UMBO LAKE

Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli. Maduka na maofisi yaliota mbele ya stesheni, na hata leo moyo wa shughuli za ofisi ni mahali padogo palipozungukwa na Haile Selassie Avenue, Uhuru Highway, University Way na Moi Avenue. Mtu mwenye miguu mizuri hupavuka kwa muda usiozidi nusu saa.

Wakati wa ukoloni wakazi waligawanywa kwa rangi zao. Wazungu walikaa katika vilima vya magharibi na kaskazini, penye viwanja vikubwa. Wahindi wengi walikaa Ngara na Parklands. Waafrika wakapangwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Kangemi na Kawangware vilikuwa vijiji vilivyo nje ya mpaka, navyo viliingizwa katika mji mpaka ulipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo viunga vya magharibi vilipimwa kwa ajili ya wachache wenye motokaa, nyumba moja katika shamba zima la maua, na njia za kukatiza kutoka mtaa hadi mtaa zilikuwa chache. Leo viwanja vilevile vya Kilimani, Kileleshwa na Westlands vimejengwa maghorofa ya familia nyingi. Na nyuma yake wako maelfu ya watu wa Kangemi na Kawangware ambao, ili wafike mjini, hawana budi kupita katikati ya mitaa hiyo kwa njia zilezile chache.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni ni kwamba kazi zenyewe zimehama. Mabenki na makampuni mengi yameondoka katikati ya mji yakaenda Westlands na Upper Hill. Lakini njia za matatu hazikuhama pamoja nayo. Karibu zote bado huishia mjini kama zamani. Tumchukue mtu akaaye Kangemi na afanyaye kazi Upper Hill. Mara nyingi hupanda gari mpaka mjini, akashuka, akavuka mji kwa miguu, akapanda gari la pili. Amelipa nauli mara mbili, naye ameongeza msongamano mahali ambapo hakuwa na haja napo hata kidogo.

HESABU YA FOLENI

Msomaji wa shamba anaijua foleni ya mashine ya kusaga mahindi. Mashine haina ubaya wowote. Yaweza kusaga mahindi ya kijiji kizima kwa siku moja. Lakini wanawake wote wakija na magunia yao saa moja asubuhi, wa mwisho atakaa juani mpaka adhuhuri, na saa tisa mwenye mashine atakuwa amelala kwa kukosa kazi. Barabara ni vivyo hivyo.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme kwamba raundabauti moja haiwezi kupitisha zaidi ya magari 30 kwa dakika. Kati ya saa moja na saa mbili hufika magari 40 kila dakika. Basi kila dakika magari 10 hubaki nyuma, na ifikapo saa mbili yako magari 600 katika foleni. Gari linalojiunga na foleni hiyo saa mbili kamili litangoja dakika 20. Baada ya saa mbili magari yanayofika hupungua yakawa 20 kwa dakika. Foleni nayo huanza kupungua kwa magari 10 kila dakika, wala haimaliziki mpaka saa tatu. Katika saa hizo mbili yamepita magari 3,600, na ukigawa muda wote uliopotea utaona kwamba kila gari limepoteza dakika 10 kwa wastani.

Sasa tazama. Kama magari 600 kati ya hayo 3,600, yaani moja katika kila sita, yangalifika baada ya saa mbili badala ya kabla yake, yangalikuwa yakifika magari 30 kila dakika tangu mwanzo hata mwisho. Foleni isingalikuwapo kabisa, wala barabara isingaliongezwa hata jiwe moja. Huo ni mfano tu, na mambo ya Uhuru Highway ni magumu zaidi: mvua hunyesha, lori huharibika njiani, au askari wa trafiki huzuia upande mmoja kwa muda mrefu ili kuusaidia upande wa pili. Lakini kanuni ni hiyohiyo. Msongamano hauletwi na watu wote. Huletwa na wale wachache waliozidi kipimo cha mlango, na adhabu yake huwaangukia wote.

Ndiyo sababu kupanua barabara hakuleti raha idumuyo. Barabara ya juu inayotoka Mlolongo mpaka Westlands, yenye urefu wa kilomita 27, ilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2022. Kwa mwenye motokaa na fedha za kulipia, safari imekuwa fupi sana. Lakini pikipiki na bajaji haziruhusiwi juu yake, na gari lililopita juu hapana budi lishuke mahali fulani, na hapo litakuta mlango uleule mwembamba. Barabara za kuzunguka mji, kama Southern Bypass, zimesaidia kwa namna nyingine iliyo bora, maana malori yaendayo Uganda hayana lazima tena ya kupita katikati ya Nairobi. Huku ni kupunguza watumiao mlango. Kule ni kuwafikisha mlangoni upesi zaidi.

Hesabu ya pili ni ya nafasi. Basi dogo la abiria 33 huchukua kama mita 10 za barabara, pamoja na nafasi iliyo mbele yake. Watu haohao 33 wakipanda motokaa wawili wawili watahitaji motokaa 17, na kama kila moja huchukua mita 7, foleni yao itakuwa na urefu wa mita 119. Tena ni nadra kuwaona wawili wawili. Mara nyingi huwa mmoja na mkoba wake. Uchunguzi wa safari za Nairobi uliofanywa mwaka 2004 pamoja na wataalamu wa Japani ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari zote ziliendwa kwa miguu, zaidi ya robo kwa matatu, na chini ya moja katika sita kwa motokaa za watu binafsi. Wachache hao ndio wanaojaza sehemu kubwa ya barabara. Wala hawaichukui njiani tu: kwa miaka mingi ada ya kuegesha gari mjini imekuwa ya siku nzima, kwa hiyo aliyekuja kukaa dakika kumi hulipa sawasawa na yule aliyeliacha gari lake tangu asubuhi mpaka jioni.

MATATU NA HESABU YA TAJIRI

Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934. Ilipita njia zilizopangwa, kwa saa zilizopangwa, lakini mji ulikua upesi kuliko mabasi yake. Wenye magari madogo wakaanza kuchukua abiria bila leseni, kwa nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Na hapo ndipo lilipotoka jina la matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kuchukua abiria, na tangu hapo zimekuwa ndizo zinazobeba mji. Mwezi wa Februari mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri John Michuki: mikanda ya viti, vyombo vya kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na sare za madereva na makondakta.

Kanuni hizo zilirekebisha mengi, lakini hazikugusa jinsi dereva anavyopata mkate wake, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Desturi iliyoenea ni kwamba mwenye gari hutaka apewe fedha kamili kila jioni, ambazo watu wa kazi hiyo huziita hesabu. Dereva na kondakta hulipa hesabu, hulipa mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Siku ikiwa mbaya hurudi nyumbani mikono mitupu. Fikiri sasa ungefanya nini kama wewe ndiwe dereva. Saa moja asubuhi ungekimbia, ungepanda juu ya njia ya miguu, maana kila safari unayoongeza wakati huo ni fedha. Saa nne, watu wakiwa wachache, usingeondoka kituoni mpaka kiti cha mwisho kikaliwe, hata kama abiria wa kwanza amengoja nusu saa. Mvua ikinyesha, ungepandisha nauli ya shilingi 50 ikawa 100, kwa kuwa foleni itakunyima safari moja au mbili. Na ungeng'ang'ania kuingia katikati kabisa ya mji, kwa sababu huko ndiko waliko abiria wa kurudi.

Sisemi hivyo ili kumtetea anayepanda juu ya njia ya miguu. Nasema kwamba mambo haya ambayo twayaita utovu wa adabu yamo ndani ya hesabu yenyewe. Siku hizi kila matatu hapana budi iwe chini ya chama cha ushirika au kampuni. Kama vyama hivyo vingewalipa madereva mshahara wa mwezi na kugawana mapato ya njia nzima, dereva asingekuwa na sababu ya kushindana na mwenzake wa chama kimoja kwa ajili ya abiria mmoja. Hilo ni gumu, maana tajiri mwenye gari moja huiamini fedha anayoiona jioni kuliko daftari la chama.

SIKU MJI ULIPOTEMBEA KWA MIGUU

Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Mike Sonko, ilizuia matatu zisiingie katikati ya mji. Abiria waliachwa katika vituo vya pembeni, kama Muthurwa na Ngara, wakaambiwa wamalizie safari yao wenyewe. Njia za mji zilionekana nyeupe siku hiyo, na mwenye motokaa alipita bila kizuizi. Lakini kando ya njia palikuwa na mito ya watu: wazee, wagonjwa, akina mama wenye watoto mgongoni na mizigo kichwani, na vilema ambao hawakuwa na namna ya kufika. Kesho yake amri ikasimamishwa.

Kutaka kupunguza magari mjini halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumwondoa yule anayebeba watu 33 katika mita 10, na kumwacha yule anayebeba mtu mmoja katika mita 7, tena bila kuweka mabasi ya kuwachukua watu kutoka pembeni hadi mahali pa kazi. Mwaka 2022 jambo hilo lilijaribiwa kwa utaratibu zaidi, kilipofunguliwa kituo cha Green Park kwa ajili ya matatu za Ngong Road na Lang'ata. Kituo ni safi na kipana. Lakini matatu nyingi zilirudi katikati ya mji baadaye, maana abiria aendaye River Road hakufurahia kuachwa ng'ambo ya Uhuru Highway, naye dereva humfuata abiria.

NJIA YA MABASI PEKE YAKE

Miji mingine imefanya nini? Singapore ilianza mwaka 1975 kuwatoza wenye motokaa walioingia katikati ya mji asubuhi. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ulijaribu ada ya namna hiyo kwa miezi saba mwaka 2006, magari yakapungua kama moja katika tano. Wananchi wakapiga kura, na mwaka 2007 ada ikawa ya kudumu. Jambo la kukumbuka ni kwamba miji yote miwili ilikuwa na mabasi ya kutosha kumpokea yule aliyeliacha gari lake nyumbani.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walichukua njia nyingine. Tangu mwezi wa Mei mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi hupita katikati ya barabara ya Morogoro, katika njia ambayo gari jingine haliruhusiwi, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Anayekaa Kimara ameona faida yake. Ameona pia kwamba njia bila mabasi ya kutosha ni foleni iliyohamishiwa kituoni, na kwamba mto ukifurika Jangwani mabasi husimama. Yote mawili ni mafundisho kwetu.

Kwa Nairobi mpango uko. Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya NaMATA, ya kusimamia safari katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa sababu mtu hutoka kaunti moja asubuhi na kufanya kazi katika nyingine. Njia za mabasi zilizokusudiwa zimepewa majina ya wanyama, nayo iitwayo Ndovu ndiyo ya Waiyaki Way, kutoka upande wa Limuru na Kangemi hadi mjini na kuendelea mbele. Msomaji wa Kangemi ana haki ya kuuliza lini ataipanda. Reli ya zamani nayo ipo, na treni ya abiria hutoka Kikuyu ikipita Dagoretti na Kibera. Lakini haifiki Kangemi wala Westlands, tena ni ya njia moja, kwa hiyo treni haziwezi kupishana ila penye stesheni.

NANI MWENYE SAA?

Turudi kwenye ile hesabu ya gari moja katika sita. Nani awezaye kuchelewa kwa saa moja? Si yule mfagiaji wa ofisi wala mlinzi wa mlango, ambaye akichelewa dakika kumi hukatwa mshahara. Saa si yake. Ameamka saa kumi usiku ili aiwahi saa ya mtu mwingine, na kama nauli imepanda kwa sababu ya mvua, yeye ndiye anayetembea kutoka Kangemi. Mwenye saa ni mkubwa wa ofisi. Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, serikali iliwataka waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani panapowezekana, na ofisi nyingi zilizosema haiwezekani ziliona kwamba yawezekana. Kampuni yenye makarani 60 Westlands inaweza kuwaita 10 waingie saa tatu na kutoka saa kumi na moja na nusu, wakipokezana kila juma, wala wateja wasingeona upungufu wowote. Jambo hili halingoji fedha za mkopo kutoka nje.

Kwa msomaji ajaye mjini kwa shughuli zake, shauri letu ni fupi. Kama shughuli yako iko Westlands, shuka Westlands, usiende mpaka mjini ili urudi. Kama waweza, panga ufike baada ya saa nne, na uondoke kabla ya saa kumi jioni. Uliza nauli kabla ya kupanda, si baada ya mlango kufungwa.

Tena, kama una saa na daftari, simama asubuhi moja mahali salama kando ya Waiyaki Way au Ngong Road kwa dakika kumi. Chora safu mbili. Katika ya kwanza andika magari yanayoelekea mjini, kwa aina zake. Katika ya pili andika watu waliomo. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi wakubwa kazi hii, kisha wakaifanya tena saa tano na kulinganisha. Karatasi hiyo iwekwe vizuri. Kaunti hutakiwa na sheria kuwauliza wananchi maoni yao juu ya bajeti, na fundi wa barabara aliyekuja na picha zake ni vizuri akute kwamba watu wa wadi nao wamekwisha hesabu.